Kinanda cha santuri: jinsi ya kukiamsha bila kuziharibu sahani

Kila msimu wa Maulidi unapokaribia hapa Lamu, nyumba hupakwa chokaa na makabati hufunguliwa. Humo ndimo vinapotokea vinanda vya santuri. Mtu hukipata cha babu yake kimefunikwa kanga chini ya kitanda, pamoja na rundo la sahani, naye hutaka kukisikia usiku huo huo. Mwaka mmoja kijana alikileta kwangu juu ya punda kutoka Langoni, kimefungwa kwa shuka mbili, na tayari alikuwa ameshachana santuri tatu kwa sindano iliyovunjika.

Maswali ni yale yale. Hiki ni kinanda au ni tantebo? Mbona chazunguka polepole? Taa imewaka, sauti iko wapi? Sindano yoyote yafaa? Nimeyajibu kwa mdomo muda mrefu. Sasa nayaandika, kwa sababu jibu likichelewa kuna santuri inayochubuliwa mahali, na nyimbo nyingi zilizorekodiwa pwani hii zimebaki kwenye sahani moja au mbili tu zilizo majumbani mwa watu.

Kwanza, neno lenyewe

Tantebo ni neno la Kiingereza, turntable, yaani meza inayozunguka. Watu wa reli hulitumia kwa lile daraja la duara linalogeuza kichwa cha treni ya mvuke kielekee kilikotoka. Sahani ya kioo inayozunguka ndani ya maikrowevu nayo huitwa hivyo hivyo. Kwenye muziki, neno hilo kwa maana finyu ni sinia tu, yaani kile chuma cha mviringo kinachobeba santuri. Kwa maana pana ni mashine nzima yenye sinia, mota, mkono na sindano, lakini isiyo na amplifaya wala spika.

Maana hiyo ya pili ndiyo inayowapoteza watu. Wazee wetu walisema kinanda, au gramafoni, na kinanda kilikuwa kimekamilika: ukikitia sahani kinaimba. Redigramu za miaka ya 1950 na 1960, yaani redio na kinanda pamoja, nazo zilikuwa na kila kitu ndani ya kabati moja. Tantebo ya leo inayoletwa kutoka Dubai au Mombasa mara nyingi haina sauti yake yenyewe. Ni nusu ya kinanda. Ukilijua hilo kabla ya kununua, utakuwa umejiepusha na swali linaloletwa kwangu kuliko yote.

Katika mwongozo huu, santuri ni sahani ya muziki, sinia ni kile kinachoizungusha, na mkono ni ule ufito unaobeba sindano.

Utakavyohitaji

- Pimamaji ndogo, ya seremala au ya kwenye simu.
- Mizani ndogo ya gramu, ya kusoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Ya sonara inafaa ikiwa atakuazima, na za sindano zenyewe zinauzwa kwa bei nafuu. Usianze bila mizani.
- Sindano mpya inayolingana na katriji yako, yaani kile kipande kilicho mwishoni mwa mkono kinachoishika sindano. Hata kama ya zamani inaonekana nzima.
- Mkanda mpya wa mpira, ikiwa kinanda chako ni cha mkanda.
- Maji ya betri, yale yaliyotoneshwa. Soma chupa mara mbili: asidi ya betri huuzwa duka hilo hilo.
- Spiriti ya dawa, pamba, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, brashi laini.
- Mafuta ya cherehani, tone moja tu.
- Bisibisi ndogo, tochi, na waya za sauti zenye vichwa vyekundu na vyeupe.
- Amplifaya yenye tundu lililoandikwa "phono", au kijisanduku cha kukuza sauti ya sindano kabla haijafika kwenye amplifaya ya kawaida.

Hatua ya 1: Jua una kinanda cha aina gani

Kikiwa na mpini wa kukizungushia ubavuni na hakina waya wa umeme, hicho ni cha springi. Hicho hucheza santuri za mizunguko 78 kwa dakika peke yake, kwa sindano ya chuma inayobadilishwa kila upande wa sahani. Usikitie santuri ya vinili, ile ya plastiki inayopindika, hata kwa kujaribu. Kichwa chake kina uzito wa gramu nyingi mno na kitailima vinili kama jembe.

Kikiwa cha umeme, toa sinia uangalie chini. Ukiona mkanda wa mpira uliozunguka kutoka kwenye mota, ni cha mkanda. Ukiona gurudumu dogo la mpira linalogusa ukingo wa ndani wa sinia, ni cha gurudumu. Redigramu nyingi ziko hivyo. Usipoona chochote kati ya hivyo, mota yenyewe iko katikati na inazungusha sinia moja kwa moja. Aina hiyo ilipata sifa kwa mashine ya Technics SL-1200 iliyotoka mwaka 1972, ambayo madijei wa New York waliigeuza kuwa ala ya muziki. Mota yake ina nguvu, hurudi kwenye mwendo mara unapoachia sahani. Vijana wanaoniuliza kama wanaweza kuskrachi, yaani kuisukuma santuri mbele na nyuma kwa mkono, kwa kinanda cha mkanda cha nyumbani: hapana. Mkanda utateleza, na sindano ya nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 2: Umeme, kabla ya kuchomeka

Usichomeke bado. Geuza kinanda usome kibati cha nyuma. Umeme wetu Kenya ni volti 240 na hezi 50. Kinanda kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani kitasema volti 120 na hezi 60. Ukikichomeka hivyo kilivyo, utakiunguza.

Watu hununua transfoma ya kushusha volti na kudhani mambo yamekwisha. Transfoma inashusha volti tu, hezi haizigusi. Mota za zamani zinazofuata hezi za umeme zitazunguka polepole, tano kwa sita ya mwendo wake: badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, utapata 27 na kitu. Mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume mwenye mafua. Dawa yake ni kubadilisha kipuli, yaani kile kigurudumu kidogo kilicho kwenye mota, kama mtengenezaji aliuza cha hezi 50, au kutafuta kinanda kingine. Mashine za siku hizi zinazotumia adapta ndogo ya ukutani hazina tatizo hilo. Hakikisha tu adapta yenyewe inapokea volti 240.

Angalia pia waya. Hewa ya bahari hula shaba, na panya wa Lamu hula kilichobaki. Waya ukiwa umekauka na kupasuka, mpelekee fundi wa redio aubadilishe wote. Ndani ya redigramu za taa za kioo, yaani valvu, umeme mkali hubaki hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo kifuniko cha nyuma usikifungue wewe.

Hatua ya 3: Mahali pa kukiweka

Kidaka cha ukutani kinapendeza, na karibu kila mtu hukijaribu kwanza. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni mzito na hautikisiki, kwa hiyo si wazo baya, lakini vidaka vingi ni vifupi na mkono utagonga plasta. Meza nzito iliyoegemezwa ukutani ni bora zaidi. Kwenye nyumba za ghorofa, sakafu inayolala juu ya boriti za mkoko hutikisika mtu akitembea katikati ya chumba. Sogea kwenye pembe, karibu na ukuta zinapoanzia boriti.

Spika zisikae meza moja na kinanda. Sindano inasikia kila kitu, hata mtikisiko wa spika yenyewe, na hapo hutokea mvumo unaojizidishia mpaka spika itapike.

Kikae mbali na dirisha. Msimu wa kusi upepo huleta chumvi, na jua la saa nane likiingia dirishani hukunja santuri ya vinili kama mkate wa mofa ulioachwa ukakauka.

Sasa weka pimamaji juu ya sinia, mbele kwa nyuma, kisha kushoto kwa kulia. Tia vipande vya karatasi ngumu chini ya miguu hadi kiputo kikae katikati. Usiiruke hatua hii, maana mizani ya mkono inaitegemea.

Hatua ya 4: Sinia, mkanda na mwendo

Toa sinia. Futa njia ya mkanda, kipuli cha mota na ukingo wa ndani kwa pamba yenye spiriti kidogo. Gurudumu la mpira lifutwe vivyo hivyo, kwa haraka, likauke. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye shimo la mhimili. Tone moja. Yakimwagikia mkandani, sinia halitashika mwendo tena.

Mkanda wa zamani ukiwa umelegea, umepasuka, au umegeuka kuwa kama ubani uliotafunwa, usiutumie. Nimeona watu wakifunga mpira wa noti au ukanda uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Sinia litazunguka, lakini nyimbo itayumba.

Kuupima mwendo hakuhitaji chombo. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, weka kinanda kwenye 33, cheza wimbo, uhesabu mizunguko kwa dakika 3 kamili kwa saa ya simu. Iwe 100. Ukipata 83, rudi hatua ya 2, una kinanda cha hezi 60. Ukipata 97 au 98, ni mkanda au mafuta yaliyoganda kwenye mhimili. Kwa 45, hesabu dakika moja tu.

Hapa sindano bado hujaipima, kwa hiyo fanya hesabu hii kwa santuri usiyoijali, kisha uirudie ukishamaliza hatua ya 6.

Hatua ya 5: Sindano ipi?

Hapa ndipo santuri nyingi za pwani zilipokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna santuri za namna mbili. Za kale, za mizunguko 78, ni nzito, hazipindiki, ukiiangusha inavunjika kama kigae. Zimetengenezwa kwa laki, ile inayotokana na wadudu. Nyingi zina upana wa inchi 10 na upande mmoja huchukua dakika tatu hivi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu, sauti yake ilitiwa kwenye santuri za namna hiyo. Mfuo wake, yaani ule mfereji mwembamba unaofuatwa na sindano, ni mpana, na ncha ya sindano yake ni ya mikroni 75 hivi.

Za vinili zilikuja baadaye: za 33 mwaka 1948, za 45 mwaka 1949. Zinapindika kidogo ukizishika. Sahani ndogo za inchi 7 za taarabu ya Mombasa, kama zile za lebo ya Mzuri, ziko kundi hili. Mfuo wake ni mwembamba, sindano yake ni ya mikroni 18 hivi, yaani robo ya ile nyingine.

Ukitia sindano nyembamba kwenye santuri ya 78, itakwenda ikipapasa chini ya mfuo. Utasikia kelele kama mchele unaopepetwa, na sindano itaisha upesi. Ukitia sindano nene kwenye vinili, hutasikia kelele hiyo peke yake: utakuwa umezikwangua kuta za mfuo, na muziki uliokuwa pale umekwenda. Haurudi.

Redigramu nyingi zina sindano mbili kwenye kichwa kimoja, zinazogeuzwa kwa kibanzi kidogo chenye alama ya 78 upande mmoja na LP, yaani vinili, upande mwingine. Angalia kibanzi hicho kila mara kabla ya kushusha mkono. Kwa kinanda cha kisasa, nunua sindano ya pili ya 78 na uwe unazibadilisha.

Na kwa nini sindano mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima? Kwa sababu jicho haliuoni ubutu wake. Sindano ya almasi hudumu masaa 500 hadi 1000 kwa kawaida. Za yakuti samawi zilizokuwa kwenye redigramu huisha mapema zaidi, na hakuna aliyehesabu masaa ya babu yako.

Hatua ya 6: Kuupima mkono

Mashine nyingi za umeme za miaka ya 1970 na kuendelea zina jiwe la mviringo nyuma ya mkono, kama jiwe la mizani. Ndilo tutakalolitumia. Zima amplifaya. Vua kikinga cha sindano.

Sogeza kirekebishi cha mvuto wa kando, kile cha namba karibu na shina la mkono, hadi sifuri. Fungua klipu ya mkono. Ushike mkono kwa kidole, usogeze karibu na sinia lisilo na santuri, kisha zungusha jiwe taratibu mbele au nyuma mpaka mkono uelee: usiinamie sindano wala usipande juu, ulale sambamba na sinia kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia. Hapo mkono hauna uzito.

Bila kuligusa jiwe lenyewe, zungusha pete yake ya namba peke yake hadi sifuri isimame kwenye mstari wa juu. Sasa zungusha jiwe na pete pamoja, kuelekea sindano, hadi namba inayotakiwa. Namba hiyo hutoka kwa mtengenezaji wa katriji. Usikisie. Ortofon 2M Red hutaka gramu 1.8. Audio-Technica AT-VM95E hutaka gramu 2. AT3600L, iliyo kwenye vinanda vingi vya bei nafuu, hutaka kati ya 2.5 na 3.5. Kwa santuri za 78 uzito huwa mkubwa kidogo, mara nyingi gramu 3 hadi 5.

Hakikisha kwa mizani: iweke juu ya sinia lililosimama, ushushe sindano juu yake. Namba za pete huwa na makosa kwenye mashine zilizokaa, na mizani haidanganyi. Mwisho rudisha kile kirekebishi cha mvuto wa kando kwenye namba sawa na gramu ulizoweka.

Kosa kubwa ni sarafu. Sindano ikiruka, mtu huweka shilingi juu ya kichwa cha mkono, nayo huacha kuruka, akafurahi. Sarafu hiyo inaweza kuufanya uzito kuwa mara mbili au tatu ya unaotakiwa, na kila mchezo unalima mfuo. Wepesi uliopita kiasi nao ni mbaya: sindano inayodundadunda ndani ya mfuo inauchubua vile vile. Ikiwa huna hakika, karibia kiwango cha juu alichotaja mtengenezaji kuliko kile cha chini.

Redigramu haina jiwe, ina springi ndani. Hiyo mwachie fundi, ukimpa mizani apime mbele yako.

Hatua ya 7: Kuunganisha sauti

Sindano ya kisasa ya sumaku hutoa umeme mdogo sana, milivolti 5 hivi. Ukiuingiza kwenye tundu la kawaida la amplifaya, la redio au la DVD, utasikia sauti kama ya mbu aliye chumba cha pili, tena bila besi, kwa sababu santuri hukatwa besi ikipunguzwa makusudi na amplifaya ya phono ndiyo inayoirudisha. Kwa hiyo waya ziende kwenye tundu la phono, au kwenye kijisanduku cha phono kwanza, kisha amplifaya. Tantebo nyingine zina kijisanduku hicho ndani, na swichi nyuma ya kuchagua. Usitumie vyote viwili kwa pamoja.

Katriji za kauri za redigramu na za vinanda vya mkoba hutoa mamia ya milivolti. Hizo hazihitaji phono.

Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Waya mwembamba wa tatu, wenye kichwa cha uma, ni wa ardhi: ufunge kwenye skrubu ya amplifaya yenye alama ya ardhi.

Spika ya Bluetooth? Inawezekana, ukiwa na kisanduku cha phono chenye kurusha Bluetooth, au waya ikiwa spika ina tundu la waya. Kwa kusikiliza tu, haidhuru.

Hatua ya 8: Kuosha santuri

Nitaeleza kilichonipata. Bibi yangu alikuwa na santuri moja ya 78 ya harusi, aliyoitunza katikati ya magauni. Nilipokuwa kijana niliifuta kwa spiriti, kwa sababu nilikuwa nimeona vinili vikifutwa hivyo. Kitambaa kiligeuka cheusi mkononi mwangu, na uso wa sahani ukanata. Laki ndiyo ile maseremala huiyeyusha kwa spiriti kutengeneza vanishi. Nilikuwa naiyeyusha nyimbo. Bibi aliisikiliza hata hivyo, akauliza, "Mwanangu, hiki kinanda chaimba au chalia?" Sijaisahau sauti yake.

Basi: spiriti isiguse kabisa santuri ya 78. Iondoe vumbi kwa brashi, lowesha kitambaa kidogo kwa maji ya betri, futa kwa kufuata mfuo kwa mviringo, usiilowanishe karatasi ya katikati, kisha ikaushe papo hapo.

Vinili huvumilia zaidi. Maji ya betri nusu lita na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, mviringo, suuza kwa maji ya betri matupu, simamisha kivulini ikauke. Maji yetu ya kisima na ya bomba yana chumvi. Yakikauka ndani ya mfuo utasikia kila punje. Sindano nayo ipigwe brashi kavu kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si mbele kwenda nyuma.

Ukungu mweupe unaotokea baada ya mvua za mwaka usiupulize ndani ya nyumba. Uondolee nje, kisha osha.

Hatua ya 9: Kucheza

Chagua mwendo kwa kusoma karatasi ya katikati, si kwa kuangalia ukubwa. Weka kipete cha katikati ikiwa ni ya 45 yenye tundu kubwa. Washa sinia kwanza, amplifaya baadaye, sauti chini. Shusha mkono kwa wenzo wake, si kwa kidole, kwenye ule ukanda mtupu wa ukingoni. Ikiisha, inua kwanza, ndipo uzime.

Santuri za 78 za zamani sana, za kabla ya 1925 hivi, hazikurekodiwa zote kwa mwendo wa 78 kamili. Kinanda chako kikiwa na kirekebishi cha mwendo, sikiliza sauti ya mwimbaji na uurekebishe.

Ikikataa

*Mngurumo usiokwisha, hata santuri ikiwa imesimama.* Waya wa ardhi haujafungwa, au umeliwa na kutu. Kikwangue kichwa chake kwa msasa. Ukiendelea, sogeza kinanda mbali na transfoma ya amplifaya.

*Upande mmoja kimya.* Badilisha waya nyekundu na nyeupe kwenye amplifaya. Ukimya ukihama upande, tatizo liko kwenye kinanda: chomoa kichwa cha mkono, futa pini zake nne kwa spiriti, na utazame zile waya nne ndogo za katriji. Nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na bluu za kushoto. Hapa kwetu, mara nyingi ni kutu ya chumvi tu. Ukimya usipohama, ni amplifaya au spika.

*Sauti inakwaruza mwishoni mwa santuri, mwanzoni ni safi.* Katriji haijakaa sawa kwenye kichwa. Pata karatasi ya vipimo ya mtengenezaji wa mkono, yenye nukta mbili, uiweke juu ya sinia; sindano iguse kila nukta huku katriji ikiwa sambamba na mistari. Legeza skrubu zake mbili nusu tu, sogeza, kaza.

*Inaruka mahali pamoja kila mara.* Pana uchafu ulioganda au mchubuko. Osha. Mchubuko wenyewe hauponi.

*Inaruka ovyo, kila mahali.* Rudia pimamaji, kisha hatua ya 6. Karibu kila mara ni hapo.

*Sinia halianzi mpaka ulisukume.* Mkanda umelegea au mafuta ya zamani yameganda kwenye mota. Usilizoee kulisukuma, mota inaungua.

*Sauti inapanda na kushuka kama jahazi.* Tazama santuri ikizunguka kutoka ubavuni. Ikiwa imejikunja kidogo, itacheza. Ikiwa imejikunja sana, usiipashe moto wala usiianike juani chini ya kioo, kama wanavyoshauriana watu. Wimbi litahamia mahali pengine na mifuo itayeyuka. Ibane kati ya vioo viwili, chumba chenye ubaridi, na subira ya wiki kadhaa. Baadaye zihifadhi zote zikiwa zimesimama wima kama vitabu, mbali na sakafu, maana mchwa huanza na bahasha.

Ikishaimba

Irekodi siku hiyo hiyo, kabla hujaialika nyumba nzima. Chukua waya kutoka tundu la kurekodia la amplifaya hadi kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta, fungua programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, na uhifadhi kwa WAV, si MP3. Acha sekunde chache za ukimya mwanzoni na mwishoni. Piga picha karatasi ya katikati pande zote mbili, na uzisome kwa tochi zile namba zilizochongwa kwenye vinili karibu na karatasi; ziandike kwenye jina la faili pamoja na jina la mwimbaji. Nakala moja ibaki nyumbani, ya pili mpe ndugu aliye Malindi au Mombasa akae nayo.